Dawa isiombe kura: barua ya wazi kwa wanaoliongoza jimbo la Tanganyika

Kwa Mheshimiwa Gavana wa jimbo la Tanganyika,
Kwa Waheshimiwa wabunge wa jimbo,
Kwa viongozi wa Tume Huru ya Uchaguzi, CENI,
Kwa wenyeviti wa vyama na miungano inayopanga orodha za wagombea,

Waheshimiwa,

Salamu kwanza. Mimi ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya kando ya ziwa, hapa Kalemie. Kabla ya uuguzi nilikuwa reko, mmoja wa wale wapitao nyumba kwa nyumba na daftari kwapani kuuliza nani anaharisha, mtoto yupi hajachanjwa, mama yupi ana mimba na hajafika kliniki. Nimeamua kugombea ubunge wa jimbo katika uchaguzi ujao. Habari imeshazagaa, kama ilivyo kawaida ya mji huu, na walionipigia simu ni wa aina mbili: wanaonipongeza, na wanaoniuliza kwa sauti ya chini nimepewa ngapi na nani. Hawa wa pili siwalaumu. Wameona mengi.

Naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu. Wapo wauguzi, wakunga na mareko wengi katika nchi hii wanaoipima hatua hii usiku, wakiogopa kuisema mchana. Kabla hatujaingia ulingoni nataka tukubaliane jambo moja: mtu wa afya apewe njia ya haki ya kuingia siasa, ila dawa zisiingie pamoja naye. Zibaki kituoni, mikononi mwa asiyegombea chochote.

Nianze na swali ninaloulizwa kila siku: bunge la jimbo lina nini na muuguzi? Wengi hudhani afya ni mambo ya Kinshasa. Waziri yuko Kinshasa, chanjo zinatoka Kinshasa, miongozo inakuja na mihuri ya Kinshasa. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema vingine. Kifungu cha 204 kinayataja mambo ambayo ni ya jimbo peke yake, na humo mna kupangia vituo watumishi wa afya, usafi na kinga, kampeni dhidi ya magonjwa ya mlipuko kwa kufuata mpango wa taifa, na kuandaa na kuendeleza huduma za afya ya msingi. Maji, choo, chanjo, uzazi, homa ya mtoto usiku wa manane: hiyo ndiyo afya ya msingi. Anayeniambia "mama, kaa na sindano zako, bunge si zahanati" huwa namsomea kifungu, polepole, halafu namwacha atafakari.

Jimbo letu lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipokatwa vipande vinne. Tuna kanda za afya 11, kutoka Moba hadi Kongolo, na barabara ambazo masika hazipitiki. Najua pia habari ya kifungu cha 175, kinachotaka asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka majimboni ikatwe na kubaki huku huku. Haijatekelezwa kama ilivyoandikwa. Kinachofika ni kile Kinshasa inachorudisha, kwa wakati inaoutaka yenyewe. Lawama hiyo sitawabebesha ninyi. Ninachouliza ni kuhusu hicho kidogo kinachofika, na hapo tuna mazungumzo marefu.

Tuuchukue ufuko wetu. Wataalamu wa kipindupindu wanaijua Kalemie kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa mahali ambapo ugonjwa huu hauondoki; unalala tu, kisha unaamka na kusafiri na mitumbwi na garimoshi kwenda kwingine. Mipango ya taifa ya kuutokomeza imekuwa ikiandikwa tangu 2008, mmoja baada ya mwingine. Mimi nitawaeleza mpango unavyoonekana kwa anayesimama mchangani. Alfajiri, wavuvi wa ndakala, yaani dagaa, wanaporudi, akina mama wanashuka ziwani na mabidoni ya njano. Penye mradi, yupo kijana kwenye kiti cha plastiki, ana ndoo yenye maji ya klorini na bomba la sindano lisilo na sindano. Bidoni ya lita 20 ikijaa, anavuta kipimo, anakisukuma ndani, anafunga kifuniko, anatikisa, anamwambia mama asinywe wala asimpe mtoto mpaka nusu saa ipite. Kazi ya dakika moja. Kijana huyo ndiye ukuta wetu.

Fedha za mradi zikiisha, kijana anarudi kuvua. Hakufanya kosa, ana watoto. Baada ya hapo mimi nahesabu siku tu mpaka vile vitanda vya kipindupindu, vyenye tundu katikati, vianze kutolewa stoo. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekaushwa na kipindupindu anahitaji lita 6 za maji ya Ringer, yale yanayoingizwa mshipani, ndani ya saa 3. Lita 6, waheshimiwa, za mtu mmoja. Zidisha kwa chumba kilichojaa, halafu linganisha na bei ya klorini na posho ya kijana mmoja. Hesabu hii haihitaji mchumi. Inahitaji mtu ndani ya chumba cha bajeti atakayeisema kwa sauti kabla bajeti haijasainiwa, na asiyekuwepo na lake halipo. Ndiyo sababu yangu ya kugombea. Sina nyingine kubwa zaidi ya hiyo.

Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia kwenye nyumba za watu, vyoo vya mitaa ya chini vilizama na yaliyomo yakaenda yalikotaka. Miaka michache nyuma yake, vita vya Watwa na Waluba vilipowakimbiza watu kutoka vijijini na kuwajaza kambini kama Katanika, ilikuwa hadithi ile ile kwa sura nyingine: watu wengi, maji machache. Kila mara waliotangulia kufika walikuwa mareko wa mtaani, kwa sababu wao hawafiki, wanaishi hapo.

Sasa niingie kwenye siasa yenyewe.

Wenzangu wengi wana nambari ya utumishi lakini hawana mshahara. Jina liko kwenye barua ya kuajiriwa, haliko kwenye orodha ya malipo. Mwenye bahati hupata marupurupu ya hatari. Asiye na bahati anaishi kwa ada za wagonjwa. Mwisho wa mwezi kisanduku kinafunguliwa, linatolewa fungu la dawa, linatolewa fungu la uendeshaji, kinachobaki kinagawanywa, na mwezi ambao watu hawakuugua sana ni mwezi wa njaa kwa muuguzi. Fikirieni maana yake: tunaomba watu wasiugue, na wasipougua hatuli.

Muuguzi huyo huyo akitaka kugombea, sheria ya uchaguzi inamtambua ghafla kuwa mtumishi wa umma. Inamtaka aonyeshe, kabla ya siku ya mwisho ya kupeleka fomu, kwamba ameomba kuachiwa kazi kwa muda. Sharti lenyewe nalikubali kabisa, na chini nitaeleza kwa nini nalipenda. Kinachoniudhi ni kwamba serikali isiyomkumbuka siku ya mshahara inamkumbuka siku ya fomu. Na hakuna anayemwambia kwa maandishi kitakachompata akishindwa. Je, atarudi kituoni kwake? Atarudi kwa cheo kipi? Au atakuta kiti kimeshapata mtu, na yeye apelekwe kijiji kisichofikika ili ajifunze adabu? Woga huo umewazuia wengi wenye uwezo kuliko mimi. Ninachoomba kwa Gavana na kwa idara ya afya ya jimbo ni waraka mmoja, wa ukurasa mmoja, unaosema wazi kwamba mtumishi wa afya aliyeomba ruhusa kihalali ana haki ya kurudi mahali pake baada ya matokeo kutangazwa.

Kwa wenyeviti wa vyama nina neno zito kidogo, mnivumilie.

Sheria ya Juni 2022 imeweka vizingiti viwili. Orodha za chama au muungano sharti zifikie asilimia 60 ya viti vinavyogombaniwa, la sivyo hazipokelewi. Halafu, katika uchaguzi wa jimbo, muungano usiopata asilimia 3 ya kura za jimbo zima haupati kiti hata kama mgombea wake ameongoza mtaani kwake. Lengo, tunaambiwa, ni kupunguza utitiri wa vyama. Kilichotokea tulikiona uchaguzi wa Desemba 2023: zaidi ya watu 40,000 waligombea ubunge wa majimbo nchi nzima, na wengi wao walikuwa wa kujazia orodha. Wakubwa wa miungano wanatafuta majina, na majina mazuri kuliko yote ni ya watu wanaojulikana kwa wema: mwalimu wa zamani, mama wa kwaya, muuguzi. Kura 300 za muuguzi haziwezi kumpeleka bungeni, lakini zinausukuma muungano kuvuka ile asilimia 3, na kiti anakalia mwingine ambaye mtaani hawamjui hata kwa sura.

Mjumbe wa muungano mmoja alikuja kwangu jioni, kwa heshima zote, na soda mkononi. Hakunificha. "Mama, kushinda hutashinda, lakini watu wanakupenda, utatuletea kura." Akaongeza kwamba kwa kuwa mimi ni mwanamke ningewasaidia mara mbili, maana orodha yenye wanawake nusu au zaidi hailipi dhamana. Nilimshukuru kwa ukweli wake, maana wengine huliremba. Lakini angalieni wema wa sheria ulivyogeuzwa: kifungu kilichowekwa ili wanawake waingie bungeni kinatumika kumwokolea mwenye chama fedha za dhamana, na mwanamke mwenyewe anawekwa kwenye orodha isiyomfikisha popote. Msaada pekee aliyoahidi wa kampeni ulikuwa fulana na vikwembe vyenye sura ya mkubwa wake.

Kisha akaja kwenye kilichomleta hasa. Aliuliza kama daftari za mareko zinaweza "kuangaliwa".

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu sidhani wengi wenu mmewahi kulifungua daftari la reko. Ni daftari la kawaida la shule, limepigwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza nambari ya nyumba, ya pili jina la mkuu wa kaya, ya tatu idadi ya watu, kisha watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, vyandarua, choo kipo au hakipo. Pembeni, kwa penseli, mna mambo ambayo hayakuombwa na fomu yoyote: huyu mume amehama, huyu anatumia dawa kila mwezi asisemwe, huyu binti ana mimba wazazi hawajui. Nambari ya simu ipo. Mwanasiasa angelipa fedha nyingi kupata ramani kama hiyo ya mtaa: nani ana shida gani, na kwa bei gani anaweza kupatikana. Watu hawakutupa habari hizo ili tuwajue kwa ajili ya kura. Walitupa kwa sababu mtoto alikuwa anaungua homa.

Nilimjibu kwamba daftari si langu. Aliondoka tukiwa tunacheka, na sijasikia tena kutoka kwake.

Kinachonifanya niwe mkali juu ya hili si maadili ya darasani. Nchi hii imeshalipa bei ya kuchanganya ugonjwa na uchaguzi, na aliyelipa ni Beni na Butembo. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Tarehe 26 Desemba mwaka huo, siku nne tu kabla ya uchaguzi wa rais, Tume ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura mpaka Machi 2019. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama. Rais mpya akaapishwa Januari. Wapiga kura zaidi ya milioni 1 wakaambiwa, kwa vitendo, kwamba kura yao ya urais ingekuja wakati haina kazi. Wakati huo huo masoko yalikuwa wazi, makanisa yamejaa, shule zinasomesha. Watu wakauliza: ugonjwa gani huu unaoambukiza kwenye foleni ya kura tu?

Kesho yake baada ya tangazo hilo la Desemba, waandamanaji walivamia kituo cha Ebola pale Beni, na watu waliokuwa wakichunguzwa wakakimbia. Tarehe 30 Desemba wakazi wakajipangia uchaguzi wao wa kuigiza: walipanga foleni, walinawa mikono kwa klorini, walipimwa joto, wakapiga kura za karatasi ambazo hakuna aliyezihesabu kitaifa. Walikuwa wanatufundisha jambo. Waliokuwa wakinong'ona kwamba Ebola ni biashara walipata ushahidi wasioutarajia. Mlipuko ulikuja kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Katikati yake vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani, WHO, aliuawa akiwa kazini Butembo, Aprili 2019. Sisemi kwamba tangazo moja la uchaguzi ndilo lililosababisha yote hayo. Kule kulikuwa na makundi yenye silaha na hasira za miaka. Lakini muuguzi yeyote aliyewahi kugonga mlango akiwa amevaa fulana ya shirika atawaambia kwamba imani ikishavunjwa na mwanasiasa, anayepigwa mawe ni reko.

Kampeni ya 2023 iliangukia Novemba na Desemba. Kwetu hapo ni mvua. Ndio wakati wa klorini, wa chandarua, wa kugonga milango mara mbili kwa wiki. Kama siku hizo reko anapita na mgombea, au mgombea anagawa chandarua cha serikali kana kwamba kakinunua yeye, basi familia ya chama pinzani itafunga mlango, na kipindupindu hakiulizi kadi ya chama.

Kwa hiyo nasema hadharani nitakalofanya, na nawaomba mlifanye kuwa sharti kwa kila mtumishi wa afya atakayegombea, siyo hiari yangu mimi. Siku nitakayopeleka fomu, nakabidhi ufunguo wa famasia na daftari zote mbele ya kamati ya afya ya eneo letu, kwa orodha na sahihi. Sitatibu mtu yeyote kwa jina la kampeni. Sitavaa koti jeupe kwenye bango. Picha yangu itakuwa ya kitenge, kama nilivyo nyumbani. Reko anayetaka kunisaidia kampeni aache kwanza ureko kwa kipindi hicho, na asiyetaka kunisaidia asiulizwe. CENI inaweza kuliandika hilo katika kanuni za mwenendo wa wagombea, na idara ya afya inaweza kupanga ugawaji wa vyandarua na kampeni za chanjo zisizo za dharura nje ya mwezi wa kampeni. Haya hayagharimu franka hata moja.

Wapo watakaoniambia nimejifunga mikono mwenyewe. "Mkono mtupu haulambwi," mzee mmoja wa mtaa aliniambia, "wenzako watakuja na chumvi na sukari, wewe utakuja na kifungu cha 204?" Huenda. Tumemwona Daktari Denis Mukwege, mtu aliyewatibu maelfu ya wanawake katika hospitali ya Panzi kule Bukavu na kupewa tuzo ya Nobeli mwaka 2018, akigombea urais 2023 na kupata chini ya asilimia 1. Waliocheka walicheka. Mimi niliona pia upande mwingine: hakuna mama aliyeambiwa matibabu yake yalikuwa mkopo wa kulipwa kwenye sanduku la kura. Aliwatibu, wakamheshimu, wakampigia wampendaye. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, hata kama mgombea anaumia.

Kuna sababu nyingine inayofanya kiti cha jimbo kiwe na bei kubwa kuliko kazi yake, na wabunge mliomo mnaijua kuliko mimi. Ninyi ndio mnaowachagua gavana na maseneta. Machi 2019, kabla ya uchaguzi wa maseneta, wagombea kadhaa walijitoa wakidai wameombwa fedha ili wapate kura, na baada ya uchaguzi huo Rais akasimamisha kwa muda kuingia kazini kwa maseneta wapya. Mtu aliyetumia fedha nyingi kununua kura 2,000 za mtaani anajua atazirudisha siku moja tu, siku ya kumchagua gavana. Baada ya siku hiyo, bajeti ya afya inamhusu nini? Nikichaguliwa, kura yangu ya gavana na ya seneta nitaitangaza kabla na baada. Kanuni za siri ya kura zinamlinda mpiga kura asiogope, mimi sitaogopa. Anayenituma ana haki ya kujua.

Na kabla hamjasema kwamba naomba kiti tu, haya hapa mambo ambayo mnaweza kuyafanya bila mimi, muhula huu huu.

Tangazeni, kwa kila robo mwaka, fedha za afya zilizotoka hazina ya jimbo na kanda iliyozipokea. Bandikeni ukutani kwenye ofisi za kanda 11, hatuhitaji tovuti. Wauguzi wataisoma, na watasema kama ilifika.

Pitisheni amri ya jimbo inayomtambua reko. Leo hii anaitwa mtu wa kujitolea, naye hujitolea kweli, mpaka siku shirika linapokuja na posho ya siku tatu za chanjo, kisha kimya. Kenya mwaka 2023 ilitunga sheria ya afya ya msingi inayowataja wahudumu wa afya ya jamii na kuwawekea posho, ikigawana mzigo kati ya serikali kuu na kaunti. Nayo ina matatizo yake, posho huchelewa na watu hulalamika, lakini analalamika mtu aliyeandikwa kwenye sheria. Wetu hawana hata pa kulalamikia. Sidai kiasi kile kile. Nadai mstari kwenye bajeti, hata uwe mwembamba, kwa ajili ya mareko na kwa ajili ya vijana wa klorini ufukoni katika miezi ya mvua.

Msisubiri wafadhili. Jimbo hili ni miongoni mwa yale yaliyokuwa yakisaidiwa sana na Marekani katika afya, na mwanzoni mwa 2025 misaada iliposimamishwa sote tuliona jinsi ghala linavyoweza kubaki na lebo bila maboksi. Sikuandika hivi kuwakejeli waliotusaidia. Waliokoa watu wetu. Ila bajeti ya jimbo iliyopangwa kana kwamba klorini itakuja na ndege daima si bajeti.

Wabunge wa jimbo, najua baadhi yenu mtaiona barua hii kuwa kampeni iliyoanza mapema. Haina nambari ya mgombea wala jina la chama, na sijawaomba wasomaji chochote. Kama kuna kifungu nimekivunja, nielezwe nami nitarekebisha. Kama hakuna, basi nijibiwe.

Nakala zenye jina langu na sahihi yangu zimewasilishwa kwenye masijala zenu, na nimegongewa mihuri ya kupokelewa. Nitapita kuuliza jibu kabla ya kikao cha bajeti kufunguliwa. Waraka wa watumishi wanaoomba ruhusa ndio naomba utangulie, kwa kuwa wapo wenzangu wawili, mmoja Manono na mwingine Nyunzu, wanaousubiri huo tu ndipo waamue.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi na mwanaharakati wa afya ya jamii,
Kalemie